Nusu Saa ya Mchana

Mpiga pasi aligeuza karatasi ya kalenda, akaandika mgongoni mwake: elfu moja kwa saa, saa tisa kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki hamsini, maana wiki mbili kiwanda cha dobi hufungwa bila malipo. Akatoa kodi ya mapato, sehemu moja ya kumi. Zikabaki milioni mbili, laki nne na elfu thelathini. Mpangaji wa chumba cha chini, walichokiomba ili wahamie, alitakiwa awe na milioni mbili na laki nne mkononi kwa mwaka. Tangu magoti yamgomee, miezi saba sasa, mama yake hajashuka kutoka ghorofa ya nne.

"Tumepita, Mama. Chupuchupu."

"Basi nipe viatu vyangu."

Dalali alikuja jioni na kikokotoo chake.

"Dada, umeandika saa tisa. Mwajiri wako kaandika nane na nusu."

"Wanakata nusu saa ya chakula."

"Na unakula?"

"Napiga pasi. Mashuka hayajui adhuhuri."

Dalali akabonyeza upya. Milioni mbili, laki mbili na elfu tisini na tano.

Ilipotimia saa moja, mpiga pasi akafungua mkoba kama kila siku. Nusu saa ambayo haikununuliwa ikatoka: ya saa saba mchana, kavu, yenye jua. Ikajaa chumbani. Nje kiza kilikuwa kimeshatanda. Mama akasogeza magoti kwenye mwanga.

"Afadhali ya leo. Ya jana ilikuwa na mawingu."

Dalali akavua koti. "Unakuja nazo zote?"

"Mia tatu kwa mwaka. Wakishaikata, siwezi kuiacha pale."

Akazizidisha, akatoa kodi. Laki moja na elfu thelathini na tano.

"Mngepata," alisema.

"Si uziandike, baba," mama akasema.

"Fomu inasoma kilicholipwa tu, mama yangu."

Akaandika kwamba kipato hakikutosha. Hakuondoka; zilibaki dakika kumi na mbili za jua, na bega lake la kushoto lilikuwa na baridi ya siku nyingi.

Mama alikuwa bado amevaa viatu. Mpiga pasi akachuchumaa, akamfungua kamba, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Kesho yake, saa saba mchana, mashine ya mahudhurio ikakata nusu saa. Mpiga pasi akaikunja kama foronya, upande wa joto ndani, akaitia mkobani.