Anga Juu ya Meza ya Kushonea

"Kirudishe ulikokitoa," Dereva alisema, akakisukuma kisanduku hadi kikagonga mguu wa cherehani. "Huo ni mchezo wa wenye macho."

Mkewe alikiinua, akakiweka juu ya meza ya kushonea. Alimwita Dereva tangu enzi za uchumba, naye akimwita Fundi. Hata macho ya mume yalipozimika na lori likapewa mtu mwingine, majina hayo hayakubadilika. Kisanduku kililetwa na binti yao. Ndani mlikuwa na mchezo wa ubao uliotokana na tamthilia ambayo baba yake aliipenda kuliko chakula: msafara wa vyombo vya angani unatafuta dunia mpya, na Giza linaunyemelea, likizima nyota moja baada ya nyingine. Miaka yote hiyo Dereva alitazama, Fundi akishona huku ameipa televisheni mgongo. Sasa mume hakutazama wala kutoka nje. Alikaa tu, kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Kesho yake Fundi aliufungua ubao ule na kuukodolea macho. Kumbe ilikuwa ramani. Akaweka kando gauni la mteja, akachukua kitambaa cheusi kilichobaki kwenye suti, akaanza kushona. Vifungo vikawa nyota, vikubwa kwa vidogo. Njia akazipitisha kwa uzi mnene, mawingu ya vumbi akayabandika kwa mahameli, na mahali pa hatari akashonea gunia.

"Gauni langu limefika wapi?" mteja aliuliza mlangoni.

"Mbinguni, dada. Linashuka wiki ijayo."

Kazi ilipokwisha, mchana mmoja aliushika mkono wa mumewe na kuuweka juu ya kitambaa.

"Nini hiki?"

"Papasa tu."

Vidole vilisita, vikatambaa, vikafika kwenye vifungo viwili vilivyogusana. Dereva akavipapasa tena.

"Nyota pacha," alisema taratibu. "Hapa walikuta mvua inayopanda. Inatoka ardhini, inakwenda juu. Watu wote walinyamaza, Fundi. Hata mimi hapa nilinyamaza."

Mvua hiyo ilinyesha nyuma ya mgongo wa Fundi, yeye akipinda mapindo.

Wakacheza. Fundi alikuwa Giza, akifunika nyota kwa vipande vya sufu. Msafara wa mumewe ulikuwa vibweta viwili vya uzi na kastabini, ile aliyoivaa Fundi kidoleni asichomwe na sindano. Katika kastabini hiyo ndimo walimopanda watu wote. Kila nyota aliyoigusa Dereva aliisimulia, na chumba kile chenye mabaki ya vitambaa kikazidi kupanuka, hata Fundi akajiona mdogo kama punje, na udogo ule ukampendeza.

Hatimaye msafara ulizingirwa. Ilibaki nyota moja tu ya kuzibwa ili njia zote za uzi zifungwe. Fundi alishika sufu, mkono ukasita.

"Usinionee huruma," Dereva alisema. "Giza halina huruma."

Akaiziba.

Ikabaki njia ya gunia peke yake. Sheria ilikuwa kwamba chombo kikiingia humo hukwama, ila hukivusha hatua moja chombo kinachokifuata; na gunia lilikuwa la hatua mbili. Dereva alipapasa gunia lote, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua daraja kabla ya kulipitisha lori.

"Lori lenye mzigo haligeuzwi mlimani," alinong'ona.

Akakiingiza kibweta cha kwanza, kikakwama. Kastabini ikasogea. Akaingiza cha pili, akakishikilia kidogo kabla ya kukiachia. Kastabini ikapita upande wa pili peke yake, ikatua juu ya kifungo cha mwisho, dunia mpya, pembeni kabisa mwa kitambaa.

Hakushangilia. Alikuwa akilia bila sauti, na uso wake ulikuwa umeamka.

"Na huku mbele kuna nini?"

"Sijui," Fundi alisema. "Ramani iliishia hapo."

Dereva akanyoosha mkono. Vidole vikavuka upindo wa kitambaa, vikavuka ukingo wa meza, vikabaki hewani, vimefunguka.