Mji wa Kumpa Kidawa

Nalala juu ya sare za shule. Sikupanga kulala, mimi si mtu wa kulala mchana, na mtu akiniambia nimesinzia namkatalia hata kama mate yananitoka. Lakini leo saa nane jua limekaa juu ya bati la kibanda changu cha ushonaji hapa Morogoro, mguu uko kwenye cherehani, kichwa kinashuka kidogo kidogo kwenye lundo la kaptula za bluu, na ninachowaza ni kile kile cha miezi mitano, kwamba mdogo wangu Kidawa hasemi na mimi. Simu zangu hapokei. Salamu zangu zinasomwa na kuachwa. Na kosa langu, kwa hesabu yangu, ni kumtakia mema. Mimba yake iliharibika, mimba ya kwanza baada ya miaka kumi na moja ya ndoa, akanipigia mimi dada yake, analia, anasema Dada Mwantumu, imetoka, na mimi nikamwambia nimeelewa mdogo wangu, pole, nikakata, nikaingia kwenye kundi la ukoo la simu nikawaandikia watu wote wamwombee. Dakika tatu hazikupita. Nilidhani nafanya kama mama zetu, jirani akipata msiba sufuria zinatoka nyumba ya pili kabla hajaita mtu. Kumbe mumewe Mhina, dereva wa lori, yuko njiani kwenda Tunduma na hajaambiwa. Alisoma kwenye kundi, amesimama kituo cha mafuta, kati ya picha ya harusi na tangazo la kikao. Wahenga walisema kwenye kuku wengi usimwage mtama, nami nilimwaga debe zima. Kidawa aliniandikia mara moja tu: Nilikuwa sijamaliza kusema. Tangu siku hiyo, kimya.

Shavu langu linateleza kwenye mshono wa kaptula, mshono unaachia, nami napita. Nasimama barabarani. Ni barabara ya udongo mwekundu, inakwenda mpaka macho yanachoka, halafu inapinda na kuanza tena kule ilikoanzia, na jua liko pale pale saa nane, halisogei. Naanza kushuku hapo hapo. Barabara isiyo na mbuzi, isiyo na kinyesi cha mbuzi, ni barabara ya nani? Natembea huku nimeshika kanga yangu vizuri, maana mahali safi namna hii lazima kuna mtu anataka kitu. Na kweli, mbele amesimama mtu. Shati lake limepigwa pasi ya mkaa, mkunjo wa mkono umesimama, harufu ya moshi naipata, harufu ya baba yangu akienda kazini, na moyo unataka kulainika. Naukatalia. Kwa sababu juu ya kola, pale penye uso, pako laini kama kiganja. Sijui nimpe shikamoo au ningoje anipe yeye, maana uso ndio unaosema umri. Nasema tu, habari za hapa. Hajibu habari. Anasema, kitendawili. Vitendawili mchana, namuuliza, hujui mtoto anayetega mchana huota mapembe? Mama alitukataza. Anarudia, kitendawili, na sauti yake haitoki mdomoni kwa kuwa mdomo hana. Haya, tega, nasema, maana kwa vitendawili mimi sishindwi, nilikuwa bingwa wa uani kwetu. Anasema, mgeni wangu haji na mzigo, na mimi namkata, kivuli. Anamaliza, mgeni wangu haji na mzigo, naye akifika mimi sipo. Nimepata, nasema, nilitaka kusema hicho. Anasema, hukupata, nipe mji.

Huo ndio mchezo wetu tangu utoto, ukishindwa unampa mwenzako mji, yeye anasema alikwenda huko akala nini na akaona nini, halafu ndipo anakufungulia jibu. Hauna gharama, mji wa mdomo tu. Nampa Handeni, niliwahi kwenda mara moja harusini. Anasema, nilikwenda Handeni, nikala pilau la harusi, nikapewa kanga ya zambarau, nikarudi, na mgeni huyo ni usingizi. Nacheka, halafu kicheko kinanikwama, kwa sababu hilo pilau ni langu, na kanga hiyo ni yangu, na sasa nikiitafuta Handeni kichwani sikuti kitu. Najua nilikwenda. Bibi harusi alikuwa nani, sijui. Wewe ni mwizi, namwambia. Anageuka, anatembea, na mimi namfuata. Nimfuate nani mwingine? Kushoto na kulia miji inaota kando ya barabara, kila mji na mwenzake wa kioo, maduka ya kushoto yanatazama maduka ya kulia, maandishi ya upande mmoja yamegeuzwa, na mtu akitoka mlango huu mwenzake anatoka mlango ule kwa mguu mwingine. Namuuliza, mji upi ni wa kweli? Anasema, ule ambao watu wake wanangoja zamu. Jibu gani hilo. Mtu akikujibu kwa mafumbo ujue ana la kuficha, na mimi namwambia hivyo hivyo.

Kitendawili, anasema tena. Sasa nimejifunza, nang'ata ulimi. Tega. Anasema, nimekitoa nyumbani kikiwa kidogo, na hapo ulimi unanitoroka, ulimi hauna mfupa, nasema, mtoto. Anamaliza taratibu, nimekitoa nyumbani kikiwa kidogo, kimerudi hakipiti mlangoni. Nipe mji. Nasimama katikati ya barabara nimeshika kiuno. Nani kakuambia habari zangu, namuuliza, Kidawa ndiye kakutuma? Umo kwenye kundi la ukoo wewe? Kikulacho ki nguoni mwako, na mwenzangu huyu kavaa nguo ya baba yangu. Anasema tu, nipe mji. Nampa Lushoto nilikosoma, nampa kwa hasira, anaondoka nayo, ukungu wa asubuhi, matunda ya plamu mfukoni, barua za mama zilizoanza kwa salamu ukurasa mzima, mimi sijambo, hofu ni kwako mwanangu, ndipo zifike kwenye jambo lenyewe. Anarudi. Anasema, nimekula plamu, na kitu hicho ni habari. Naona uchungu kweli sasa, kwa sababu barua zile nilizipenda, na ninachokumbuka tu ni kwamba kulikuwa na barua.

Basi umebaki mji mmoja wa moyoni, nao ni Korogwe tulikokulia. Naijua kabla hatujaifika, kwa sauti ya redio ya baba na harufu ya maandazi yenye iliki. Nyumba yetu hiyo karibu na reli, ua wa makuti, wanawake wamekaa wanachambua mchele, wanaitana kwa majina ya watoto wao, hakuna simu, hakuna kundi, mtu akiwa na neno anavaa viatu anakuja. Ndiyo maisha haya, najiambia, watu walikuwa watu. Nataka kukimbia niingie. Lakini nawatazama wale wanawake wananichekea, na najiuliza wananichekea kwa kitu gani, nyuso hawana. Maandazi yananukia lakini hakuna jiko linalowaka. Na redio inasema neno moja moja kisha inakatwa, inasema, inakatwa, nami nagundua kwamba anayeikata ni mimi, kila nikifikiri kitu nayo inanyamaza. Nageuka nimuulize yule mtu wa shati. Hayupo. Kwenye kizingiti ameketi mtoto wa miaka saba, amevaa gauni nililomshonea mimi mwenyewe, la kwanza maishani mwangu, bega moja limepanda. Ni Kidawa. Uso hana naye, lakini bega hilo ni kazi ya mkono wangu. Shikamoo Dada, anasema. Marahaba. Kitendawili. Namwambia, Kidawa, unakumbuka tulivyokuwa tukitegana hapa, raha ile? Anasema, raha yako. Ulikuwa unajibu, watu wanakupigia makofi, mimi narudi kukaa. Mimi hapa sijawahi kumaliza kutega hata kimoja.

Nataka kumbishia. Nataka kusema wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Naitafuta kichwani jioni moja, moja tu, ambayo alimaliza, na Korogwe yote naipekua, hakuna. Basi nakaa chini vumbini mbele yake, mtu mzima na kanga yangu, nasema, tega. Anasema, nilikuwa na nyumba ya chumba kimoja. Jibu nalijua. Anasema, mpangaji akaingia bila kuonekana, nikamtandikia. Jibu linanichoma kooni, nalimeza. Anasema, akatoka asubuhi bila kuaga, na sikuwa nimempa jina la kumwitia. Machozi yananitoka na mdomo wangu naushika kwa mkono, naushika kweli, kwa vidole, kwa kuwa unataka kusema pole, na pole hiyo ingemkata. Naye hajamaliza. Anasema, chumba hicho tulikijenga wawili kwa miaka kumi na moja, na mwenzangu yuko safarini. Nikasema nitamngoja arudi, avue viatu, anywe maji, nimshike mkono nimwambie mimi, kwa sauti yangu, asilisikie neno hili kwa mtu mwingine. Ni nini? Hiki kipande cha mwisho sikukijua. Miezi mitano najitetea kwa kitu nusu. Nimeshindwa, namwambia. Anasema, nipe mji.

Nina mmoja tu. Nikiutoa, sitakuwa tena na uani, wala redio ya baba, wala mama anayechambua mchele, na sijui kama Kidawa huyu ni Kidawa au ni mtego mwingine wa yule mtu wa shati. Nashuku mpaka mwisho. Nakupa Korogwe, nasema. Anainuka, anakwenda, anarudi, sijui ni kitambo gani, jua halisogei. Anasema, nilikwenda Korogwe. Nilipofika, watu wote walikuwa wanaijua habari yangu kabla sijaisema. Wakanipa pole mlangoni, na habari yenyewe bado iko mdomoni mwangu. Nikakosa pa kuiweka, Dada. Nyuma yake makuti yanafifia, reli inafifia, na mimi siitazami, namtazama yeye, na pale palipokuwa laini naona kama macho yanaanza kuchomoza, na ninainama niyaone vizuri.

Naamka, au nadhani naamka. Kaptula imelowa chini ya shavu. Simu iko sikioni, mkono umekufa ganzi kwa kuishika, na nikiitazama naona jina la Kidawa na dakika zinahesabiwa, ya tisa inaingia ya kumi. Sikumbuki kupiga. Sikumbuki kupokea. Mlangoni mteja amesimama jua likiwa nyuma yake, uso wake siuoni, na bati juu linawaka saa nane ile ile. Najifinya paja, linauma, lakini hata kule machozi yalikuwa ya chumvi. Korogwe naitafuta, inakuja nusu, sijui kama ni ya kuchukuliwa au ni uzee tu. Simuni mtu anasema, Dada? Dada, upo? Mbona leo hunikati?

Nina maneno mengi, ya kuomba radhi, ya kujitetea, na la kumuuliza kama yeye ni wa huku au wa kule. Nipo, nasema. Maliza kwanza. Kidawa anavuta pumzi, kisha anaanza upya, tangu asubuhi ya siku ile.