Mistari Iliyofurika

Kijitabu cha dawa ya malaria kilitoka kwenye kiwanda cha uchapaji cha Suud, katika mtaa wa Buyenzi, kikimwambia mgawa dawa ampe mtoto mchanga kidonge kizima badala ya nusu. Maboksi yalikuwa yameshapelekwa ghala la Kinindo. Kesho yake asubuhi lori lingeingia kwenye konvoi, msafara wa magari unaolindwa na jeshi, na kupanda milimani, kwenye kambi ya watu waliokimbia vita. Rénovat, aliyezipanga kurasa zile kwenye kompyuta, hakujua lolote. Alikuwa ameketi kivulini uani anakunywa chai, ametulia kama mtu aliyemaliza kulima shamba la mwenzake na kulipwa.

Na kwa kweli alijiona ana haki ya kutulia. Kazi ile ilikuwa imekwisha upesi kuliko zote za mwaka ule, na ilikwisha upesi kwa akili yake mwenyewe.

Programu aliyoitumia kupanga kurasa ilikuwa na tabia ya jirani mdaku. Kila ilichokiona njiani ilikiandika kwenye faili la pembeni, wao waliliita log. Picha imekosekana, inaandika. Herufi imebadilishwa, inaandika. Neno limechomoza nje ya mstari hata kwa unene wa uzi, inaandika vilevile: mstari umefurika, ukurasa fulani, kwa pointi kadhaa. Kazi za Kifaransa hazikuwa na taabu, maana programu ilifundishwa mahali pa kulikata neno la Kifaransa mstari ukijaa. Kirundi haikufundishwa. Na maneno ya Kirundi ni marefu kama foleni ya petroli. Neno likikataa kukatika, linatoka nje ya mstari, na log inalalamika. Kijitabu chembamba cha Kirundi kilizaa log nene kuliko chenyewe.

Zamani Rénovat alikuwa akiisoma yote. Umeme ulikuwa unakatika, risasi zikisikika upande wa mtaa wa Kamenge watu wanafunga mapema, na yeye bado ameinama mbele ya kioo anafuata mstari baada ya mstari. Suud alichoka.

"We unasoma log ama unasoma riwaya?" alimwuliza siku moja. "Mi niko na mashini ya kuchapa, inalala njaa ikikungoja we."

Basi Rénovat akatengeneza chujio. Kilikuwa kiprogramu kifupi kilichopita ndani ya log, kikatupa kila mstari wenye neno la kufurika, kikahesabu makosa yaliyobaki na kutoa muhtasari wa nusu ukurasa. Muhtasari wa kijitabu cha dawa ulisema: makosa, hakuna, picha zilizokosekana, hakuna. Akamwonyesha Suud. Suud akacheka, akampiga begani, wakachapa.

Chujio la chai huzuia majani likapitisha chai. Lile lilizuia vyote viwili.

Sasa, pale uani palikuwa na Moza, dada mkubwa wa Suud, akikaanga sambusa za kuuza barabarani. Kati ya kiwanda na jiko lake kulikuwa na desturi ya miaka. Suud hakumwachia mtu masiko, lile jisu kubwa la kukatia vitabu. Alikata mwenyewe, na vile vipande vyembamba vya pembeni vilivyoanguka alimpelekea dada yake kwenye kapu. Vilikuwa vyeupe, safi, na Moza alivitandika kwenye sinia vinyonye mafuta ya sambusa. Karatasi ya gazeti hakuitaka kabisa. Alisema wino hauliwi.

"Rénovat!" aliita. "Leo munaniletea nini huku?"

"Karatasi zimefanya nini, mama?"

"Ziko na wino! Mutu ananunua sambusa, anakula pamoja na hesabu ya shule?"

Suud akajibu kutoka ndani, "Dada, wino kidogo haiui mutu."

"We nyamaza. Kama haiui, kuja uilambe."

Rénovat akacheka, akanyoosha mkono kuchukua kipande kimoja. Ukingo wa kitabu haukupaswa kuwa na kitu. Kile kilikuwa na mkwaju na mbili: /2. Chini yake /2 nyingine. Chini yake /4. Herufi zilikuwa zake, alizijua kama mtu anavyojua mwendo wa mwanawe. Akachukua kipande cha pili, kikawa vilevile. Akaweka kikombe chini.

Kitabu kimoja cha mfano kilibaki rafuni. Alikifungua kwenye jedwali la dawa. Safu ya mwisho, ya watoto wachanga, ilikuwa na kichwa kilichoandikwa kwa kusimama ili kubana nafasi, na chini yake moja, moja, moja. Safi kabisa. Ungeapa ndivyo ilivyokusudiwa. Jedwali lilikuwa pana kuliko ukurasa, likachomoza mpaka ng'ambo ya alama ya kukatia, na jisu likapita katikati ya nusu na robo za watoto.

Dévote, muuguzi aliyeleta kazi ile, alikuwa ameisoma kwa makini. Lakini aliisoma kwenye karatasi kubwa ya majaribio, kabla ya kukatwa, na huko namba zote zilikuwepo.

Rénovat akarudi kwenye kompyuta, bahati umeme ulikuwapo. Alifungua log nzima. Safari hii hakuitupa ile mistari iliyofurika. Aliipanga, mikubwa juu, midogo chini. Mingi ilikuwa ya pointi mbili, tatu, upana wa kichwa cha pini, haimdhuru mtu. Juu ya yote, peke yake, ulikaa ukurasa wa jedwali: pointi sitini na kitu. Upana wa kidole gumba cha mtu mzima.

Mashine ilisema. Yeye ndiye aliyeiziba mdomo.

Alimfuata Suud kwenye masiko na kumwekea kitabu na kipande juu ya meza, kimoja kando ya kingine. Suud alivitazama.

"Lakini hawa ni watu wa dawa," alisema. "Mutu wa dawa atampa mutoto kidonge kizima?"

"Kama wanajua, shefu, kwa nini walikuja tuwachapie kitabu?"

Suud alijua, kama Rénovat, kwamba wauguzi wengi walikuwa wamekimbia, na huko kambini dawa iligawiwa na vijana waliofundishwa juujuu. Walichokuwa nacho ni kitabu.

"Log ilisema?"

"Ilisema."

"Na we?"

"Niliichuja."

Suud akapangusa jisu kwa kitambaa, polepole, ingawa halikuwa chafu. "Na mi ndiye nilikukataza riwaya," akasema. "Haya. Ingia mu gari."

Walimkuta Dévote ghalani Kinindo, mwanamke mnene, mpole, amevaa miwani iliyofungwa uzi. Lori lilikuwa limeshajaa. Maboksi ya vitabu yalitangulia kupakiwa, kwa hiyo yalikuwa chini kabisa, juu yake chumvi, na juu ya chumvi sabuni ya kambi nzima. Rénovat alimweleza bila kuzunguka. Dévote alipima kipande kile kwenye ukingo wa kitabu, nusu ikarudi kuwa nusu.

"Nani alisoma mbele ya kukata?"

"Ni wewe, mama."

"Na nyuma ya kukata?"

Suud alitazama viatu vyake.

"Tunaweza kuchapa kikaratasi," Rénovat akasema. "Cha kuingiza mule ndani, kinasahihisha. Ni kazi ya saa moja."

"Kikaratasi kinaanguka, kitabu kinabaki. Apana." Akamgeukia dereva. "Shusha."

Dereva alishika kichwa. "Shusha nini, mama? Sabuni yote? Konvoi haingoji mutu! Nikikosa nafasi kesho, nitaipata lini?"

"Sijui. Shusha."

Walishusha wote wanne, na Suud, aliyekuwa na mgongo mbaya, alibeba chumvi bila kulalamika. Walipolifikia boksi la mwisho jua lilikuwa limeshainamia upande wa Kongo, na hapakuwa tena na muda wa kupakia upya kabla mitaa haijafungwa kwa amri ya kutotoka nje usiku.

Siku zilizofuata Rénovat alilibana jedwali, likaingia ndani ya ukurasa. Walitoa pini za kila kitabu, wakabadilisha karatasi moja, wakapiga pini tena, Moza naye akisaidia na kuwatukana. Chujio hakulitupa. Alilirekebisha: mistari midogo ilihesabiwa tu, mikubwa ikaandikwa juu kabisa ya muhtasari, kabla ya jambo lingine lolote. Na kapu la vipande halikwenda tena jikoni kabla Suud hajavipitisha mbele ya macho yake.

Hasara ilikuwa hii. Karatasi moja ya kila kitabu, na pini zake zote. Mgongo wa Suud, uliomlaza wiki. Lori lilikosa konvoi ile, na iliyofuata iliahirishwa kwa sababu barabara ilikuwa na mapigano. Dévote alishukuru, akapeana nao mikono, na kazi yake nyingine akaipeleka kwa mchapaji mwingine. Watoto waliopewa kidonge kizima kwa ajili ya kitabu kile: hakuna hata mmoja. Watu waliokaa wiki mbili bila sabuni wala chumvi kwa ajili yake: kambi nzima.