Choo ya Mzee Muthama Isiyojaa

Mwaka wa 1988, hapo chini ya milima ya Chyulu, Mzee Muthama alikuwa anachimba choo. Futi nne tu, mtaimbo ukagonga jiwe jeusi, ukapita. Chini kulikuwa na pango. Akatupa kokoto, hakusikia ikitua. Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. Choo isiyojaa! Majirani wakaja, wengine wakaomba kuijaribu.

Mwalimu Mbinya, bibi ya kijana wake, hakucheka.

"Mutie," aliambia bwana yake jikoni, "hilo jiwe lilikuwa moto wa mlima, ukatiririka kama uji. Uji ukipoa, juu unashika utando, si ndio? Ndani bado unatembea. Ukiisha kutoka, unaacha bomba tupu la mawe. Na hilo bomba linateremkia wapi?"

"Wapi?"

"Kisima chetu kiko wapi?"

Mutie akaangalia sufuria. "Wewe na jiografia yako. Mimi niambie baba mavi yake inatembea?"

Na Mbinya angemwambia aje? Kwetu Ukambani bibi ya kijana hawezi kutaja choo mbele ya baba mkwe. Hiyo heshima tunaita nthoni. Akawa anachemsha tu maji ya kunywa. Lakini Mbinya akiwa shule, mtoto wake Nzilani alichota tu maji haijachemshwa kwa mtungi. Wiki ya pili tumbo ikaanza kuendesha. Macho yakaingia ndani. Hata kulia alishindwa.

Jumamosi Mbinya akavuta ndoo kisimani. Maji iliteleza kama ile imeosha matumbo ya mbuzi, ikinuka choo. Juu ilielea karatasi, imekunjwa, imepakwa. Akaifungua na kijiti. Wino mwekundu. Mwandiko wake mwenyewe: saba kwa kumi, vizuri. Ni mitihani ya zamani aliyoweka pale chooni wapanguse nayo.

Akatapika hapo hapo. Halafu akajaza glasi, akaweka mbele ya mzee, na karatasi kando.

"Hii ni nini?"

"Maji ya kunywa, baba. Na hiyo karatasi ya choo yenu imetoka kisimani. Nzilani anakufa na hiyo maji."

Mzee alikuwa ameshakunywa vikombe viwili asubuhi. Alitoka ameshika mdomo, hakufika mbali.

Jioni hiyo aliziba shimo kwa mikono yake, Mutie akabeba mtoto mpaka kliniki, akawekewa maji ya mshipa, akapona. Lakini nthoni ilikuwa imevunjwa, kwa hivyo Mbinya alitozwa mbuzi. Ikachinjwa. Syokau wa jirani akauliza supu itapikwa na maji gani.

Mzee akasema nyama yake ichomwe tu.