Ukoo Usiovuja Damu

Mama mwenye bucha alikuwa na majivuno mamoja tu maishani: damu ya kwao. Kisu kikimkata, alipuliza kidole, akakifuta kwenye aproni, akaendelea kukata nyama. "Kwetu damu haipotei ovyo," aliwatambia wateja. Nao walicheka: damu bahili kama mwenyewe.

Jambo moja hakulifanyia mzaha. Mama yake alijifungua, akalala siku chache, akainuka kwenda kuoga, akaanguka akafa. Dada yake naye vivyo hivyo. Basi ukoo ukajiwekea sheria: mzazi asiinuke. Kuinuka ndiko kulikowaua, walisema, na nani angewabishia?

Kwa hiyo binti yake wa pekee alipojifungua mtoto wa kike, mama alifunga bucha akamlinda kama mboni ya jicho. Alimlisha na kumwogesha palepale kitandani, akamfichia hata kandambili.

"Mama, nimechoka kulala. Mguu huu unauma, tena umevimba. Niache nitembee kidogo tu."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wale wawili niliwazika mimi, mwanangu, si wewe." Akaukanda ule mguu kwa maji moto, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Asubuhi moja binti alishika kifua, akasema, "Mama, pumzi," na hakusema tena.

Hospitalini daktari alimuuliza kama wengine wa ukoo walikufa hivyo, akasimuliwa ya mama yake na dada yake, akainamisha kichwa. "Damu iliganda mguuni, ikapanda hadi mapafuni. Huenda mnarithishana. Mnakuwa wazima, hamuumwi kitu, mpaka siku ya uzazi. Mzazi wa namna hii hutembezwa mapema, na huchomwa sindano za kuzuia damu kuganda. Hamkuambiwa?"

Nani angewaambia, na wao walikuwa wakijisifu? Hakumchelea mwanawe, na bado alilia yeye. Alikuwa amemlaza kwenye kifo kwa mikono yake mwenyewe, huku akimbembeleza.

Muuguzi akamchukua mjukuu, akamtoa damu kidogo ya kupima. Alibana pamba mkononi, akaiondoa, akatabasamu. "Imeshakatika! Una mjukuu hodari, bibi."

"Hiyo peke yake haisemi kitu," daktari aliharakisha kusema. "Tusubiri vipimo."

Bibi hakumsikia. Alikuwa amekamata ule mkono mdogo, akikitazama kitone kilichokwisha kukauka.

"Iacheni ivuje," alisema. "Jamani, iacheni ivuje kidogo."