Maneno ya Ugonjwa Mdogo

Mimi mtu akinipandisha hasira namwambia papo hapo, ndiyo maana dada yangu aliniita Pilipili. Sasa niulizeni ilikuwaje Pilipili mzima nikafunga mdomo miezi minne.

Tulikuwa na cherehani mbili katika chumba kimoja, yake dirishani, yangu karibu na mlango. Mwanawe yuko ng'ambo, na huko ndiko alikozaliwa mjukuu. Mtoto ana miaka tisa, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba, Kiswahili ng'o! Kila Jumapili baba yake akiwa kazini, mtoto alipiga simu ya video. Yeye na bibi yake walitazamana, wakacheka, wakapungiana mikono, basi. Simu ikikatika, dada anashika tama.

"Mdogo wangu," akaniambia siku moja, "nitazeeka nampungia mkono tu?"

Akanunua kitabu cha misemo ya Kiingereza, chenye maana zake kwa Kiswahili. Nikamwambia, "Wewe mwanamke, si uanze na salamu!" Hakutaka. Salamu anazijua, alisema. Anachotaka ni maneno ya kumchekesha mtoto. Na kwa kuwa mimi nilimzidi madarasa mawili, kazi ya kutafuta na kumfundisha matamshi ikaniangukia mimi.

Sisi kila kitambaa cha mteja tunakibana kikaratasi cha vipimo kwa pini. Dada akawa anaandika msemo wa wiki, na tafsiri yake neno kwa neno, nyuma ya kikaratasi cha nguo anayoshona, ili macho yasikose kuuona. Fundi mmoja wa kufuli akaondoka na suruali yake, kikaratasi kimesahauliwa kiunoni: kumvuta mtu mguu, yaani kumtania. Alirudi amefura. "Nani anavutwa mguu hapa?" Tulicheka mpaka dada akalalia cherehani. Jumapili hiyo hiyo akamwambia mtoto kwamba anamvuta mguu, na mtoto akacheka mpaka akaporomoka kwenye kiti.

Wakaanza kupeana zamu. Jumapili hii bibi anatoa msemo wa Kiingereza, ijayo mtoto anajifunza wa Kiswahili na kuuandika daftarini. Akajua "nina hamu nawe", akajua "piga moyo konde". Dada akambatiza Mwalimu. Nisiseme uongo, zile zilikuwa siku nzuri.

Kisha dada akaanza kukonda. Gauni lake lile lile nililipunguza mara mbili ndani ya wiki sita. Daktari akatuketisha, akatueleza kwa upole kwamba uvimbe umeshasambaa, tujiandae. Dada akasikiliza, akauliza kama bado anaweza kushona. Tulipotoka nje nikasema, "Leo hii nampigia mwanao."

"Humpigii."

"Nampigia!"

Akanishika mkono. Karatasi za ukaazi za mwanawe zilikuwa bado zinashughulikiwa kule. Akitoka kabla hajazipata, haruhusiwi kurudi, na mke na mtoto wako huko huko. "Atakuja, namjua," akasema. "Atakuja kuniangalia nikifa, halafu mtoto wake akue bila baba? Niapie." Nikaapa. Mungu anisamehe, niliapa.

Mwanawe hakutupa shida kumdanganya. Yeye alipiga simu ya sauti tu akiwa njiani kwenda kazini, na sauti ya dada ilikuwa bado na nguvu. Aliyekuwa na macho ni Mwalimu. Jumapili moja akasogeza uso kwenye kioo, akamuuliza bibi yake kwa Kiingereza mashavu yake yamekwenda wapi. Dada akanigeukia.

"Huyu atamwambia baba yake," akaninong'oneza. "Nitafutie maneno ya ugonjwa mdogo."

Hapo ndipo ningeweza kusema sijayaona. Lakini nilikipekua kile kitabu, nikayapata: kuwa chini ya hali ya hewa, yaani kujisikia vibaya kidogo, mafua, uchovu, kitu cha kupita. Nikamsomea silabi kwa silabi, naye akamwambia mtoto huku anatabasamu. Mtoto akacheka, akaonyesha kidole gumba. Kila Jumapili alipouliza, jibu lilikuwa hilo hilo, hadi bibi yake akawa analitoa akiwa ameegemezwa mito.

Alifariki Alhamisi asubuhi. Kwenye cherehani yake kulikuwa na shati la Mwalimu, mkono mmoja haujatiwa. Mwanawe alilia kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio. Kuja hakuweza, mazishi yalikuwa kesho yake.

"Alianza kuumwa lini, mama mdogo?"

"Ghafla tu, baba," nikasema.

Jumapili simu ikalia kama kawaida. Mwalimu alikuwa na daftari lake mkononi. Aliona macho yangu yalivyovimba, akaniuliza polepole kwa Kiingereza ili nielewe: bibi mdogo, na wewe uko chini ya hali ya hewa?

Kitabu kilikuwa pale pale mezani. Sikukigusa.

"Hapana, mjukuu wangu," nikamjibu kwa Kiswahili. "Roho inaniuma. Andika. Roho inaniuma. Bibi yako aliumwa sana, siku nyingi, na mimi nilijua."

Nilidhani hataelewa, na labda ndiyo maana nilithubutu. Aliandika yote kama alivyoyasikia, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Kisha akageuka, akamsomea mtu aliyekuwa nyuma yake. Baba yake alikuwa amepewa mapumziko ya msiba, yuko nyumbani, na mimi hata sikufikiria. Uso wake ukaja kwenye kioo.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Ningekuja, mama mdogo."

"Najua, baba. Na yeye alijua."

Simu hakuikata. Aliilaza mezani, nikabaki natazama dari ya nyumba yao, namsikia analia, na mtoto anamwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Baba, piga moyo konde."