Gomesi la Zambarau

Marehemu hajamaliza hata wiki tatu kaburini, Laurensia akaingia studio ya Costansia pale Rubwera na kumwaga mfuko mzima wa nguo mezani. Kwa Laurensia zilikuwa nguo za mama mkwe. Kwa Costansia zilikuwa za mama mzazi.

"Kazi hiyo, wifi. Zipige picha, uziuze mtandaoni kama unavyowauzia wenye maduka."

"Hazijagawiwa. Ukoo haujakaa."

"Ukoo ndio uliomwogesha? Miaka minne namgeuza kitandani, wewe uko huku unapiga picha magauni! Kaka yako ameshasema niuze."

Costansia akaliona gomesi la zambarau, lile gauni refu la mshipi kiunoni, la Pasaka zote za mama. Hasira akaimeza.

"Basi niachie hili tu. Mengine uza."

"Ndilo lenye bei hilo! Na kiraka hapo kwenye mkono, kifute. Si ndio ufundi wako, kudanganya watu?"

Akaondoka bila kuaga.

Costansia akalitundika gomesi ukutani, akawasha taa, akapiga. Alipokaa kwenye kompyuta akafanya jambo ambalo hajawahi kumfanyia mteja. Siku zote yeye ni wa kuondoa madoa, leo akayatia. Zambarau akaipausha mpaka ikawa kama maji ya kufulia. Kiraka akakikuza kikawa kama kidonda. Kwapani akapaka umanjano. Nguo nyingine akazipiga vizuri, tena vizuri mno.

Siku nne, hizo nyingine zote zikanunuliwa. Chini ya picha ya gomesi watu wakaandika: "Dada, hilo si la kupigia deki?"

Siku ya tano Laurensia akashuka kwenye bodaboda, akalivuta gomesi ukutani, akalisogeza karibu na simu yake.

"Hii ni nguo moja? Nijibu, mchawi wewe!"

"Ni moja."

"Umefanya makusudi!"

"Makusudi kabisa. Na ukilipeleka kwa mpiga picha mwingine, Jumapili nasimama kanisani nataja lilikuwa la nani na nani analiuza."

Laurensia akamkazia macho. Akatoka nalo nje. Mvua ilikuwa imekatika sasa hivi, pikipiki imegandwa na tope. Akafuta kiti kwa gomesi, akafuta tairi la mbele, akafuta la nyuma, taratibu, dereva kaduwaa. Kisha akalitupa mlangoni.

"Haya, chukua. Sasa linafanana na picha yako."

Costansia akaliokota, akalikumbatia na tope lake.

"Asante, wifi. Nenda, na usirudi."